Joho la Meya na Hazina ya Jiji: Dar es Salaam tangu 1949

Historia ya mameya wa Dar es Salaam huelezwa kwa kawaida kama orodha ya watu: nani alikuwa hodari, nani alituhumiwa, nani aliondolewa. Mada hii inashika njia nyingine. Katika muda usiofika miaka 50, halmashauri ya jiji hili imefutwa au kuvunjwa mara tatu na Serikali Kuu: mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwaka 1996 na mwaka 2021. Jambo linalojirudia hivyo, chini ya marais tofauti na mameya tofauti, haliwezi kuelezwa kwa tabia za watu. Hoja yangu ni kwamba meya wa Dar es Salaam amekuwa akibebeshwa dhamana ya jiji bila kukabidhiwa mapato wala watendaji wa kuitekelezea, na kila huduma inapodorora, dawa inayotolewa humpunguzia hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949, ikiwa mji uliogawanywa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, na maeneo ya Waafrika kama Kariakoo. Ndiyo maana kuchaguliwa kwa Sheikh Kaluta Amri Abedi kuwa meya wa kwanza Mwafrika, mwaka 1960, kulikuwa na uzito mkubwa. Alikuwa tayari anajulikana kwa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na muda si mrefu akaitwa kwenye Baraza la Mawaziri. Tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru, manispaa ikawa jiji. Kwa miaka kadhaa palikuwapo matumaini ya haki kabisa kwamba wakazi wangejitawala kupitia madiwani wao.

Matumaini hayo yalikatwa na mpango wa Madaraka Mikoani uliotangazwa mwaka 1972. Nia yake ilikuwa kupeleka wataalamu na fedha karibu na vijiji, lakini kilichoshuka mikoani kilikuwa mkono wa Serikali Kuu wenyewe. Halmashauri zilifutwa, na Dar es Salaam ikagawanywa katika wilaya za Ilala, Temeke na Kinondoni zilizoongozwa na maofisa wa kuteuliwa. Sensa zinaonyesha uzito wa kosa hilo. Mwaka 1967 mkoa ulikuwa na watu wapatao 356,000. Mwaka 1978 walifika takriban 843,000. Katika muongo ambao watu waliongezeka zaidi ya maradufu, jiji halikuwa na chombo chake cha kupanga viwanja, kuzibua mifereji na kuzoa taka. Kipindupindu kilipozuka kuelekea mwisho wa miaka hiyo, Serikali yenyewe iliona pengo, na sheria ya mpito ya mwaka 1978 ikarudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 ikatungwa sheria kamili ya mamlaka za miji, na baadaye ibara za 145 na 146 za Katiba zikazitambua serikali za mitaa.

Hapa kuna pingamizi zito linalostahili kujibiwa. Halmashauri iliyorudishwa haikufanya vizuri: mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa inazoa chini ya sehemu moja ya kumi ya taka za jiji. Kisha mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye akaivunja, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, na jiji likaonekana kupumua. Je, huo si ushahidi kwamba wateule hufanya kazi kuliko wachaguliwa? Mafanikio ya Tume sitayapunguza. Lakini tutazame ilikuwa na nini. Ilikuwa na Serikali Kuu nyuma yake na uhuru wa kupanga upya utumishi na kukabidhi uzoaji taka kwa makampuni na vikundi, bila kuvutana na wilaya wala wizara. Hakuna meya kabla yake aliyepewa nafasi hiyo. Tume inathibitisha kwamba mamlaka yakiwa kamili kazi hufanyika. Haithibitishi kwamba kura ndiyo kikwazo.

Baada ya mwaka 2000 mameya walirudi, akianza Kleist Sykes, lakini jiji sasa lilikuwa na ngazi mbili: Halmashauri ya Jiji juu, na manispaa tatu, baadaye tano, zilizoshika wananchi na sehemu kubwa ya mapato. Mkurugenzi, ambaye ndiye anayeidhinisha malipo na kusimamia watumishi, huteuliwa na Rais. Meya huchaguliwa na madiwani na kuongoza vikao vyao. Vyanzo vya fedha navyo vikaendelea kuhama. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na wengi tuliifurahia kwa sababu ilikuwa inamuumiza maskini, lakini pengo lake lilizibwa kwa ruzuku ambayo kiasi chake huamuliwa kwingine. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikapelekwa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2017 barabara za mijini zikakabidhiwa TARURA, wakala wa Serikali Kuu wa barabara. Atakayesema kwamba Mamlaka ya Mapato hukusanya vizuri zaidi huenda ana hoja. Ila tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa kwenye luku, yaani malipo ya umeme ya kabla, kwa kiwango kinacholingana kwa nyumba zote za kawaida, iwe Masaki au Mbagala, na mara nyingi anayeikatwa ni mpangaji anayenunua umeme. Mkazi ambaye mtaro wa mtaa wake umeziba hawezi tena kumuuliza diwani kodi yake imekwenda wapi, kwa kuwa diwani hakuiona.

Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji na kuipandisha Ilala kuwa Jiji la Dar es Salaam. Hoja ya kuondoa ngazi iliyorudufu kazi ilikuwa na msingi. Mimi pia naikubali. Lakini matokeo yake ni kwamba meya mwenye jina la Dar es Salaam hana kauli Kinondoni, Temeke, Ubungo wala Kigamboni, ilhali sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Mto Msimbazi hutoka milima ya Kisarawe ukapita katika halmashauri zaidi ya moja kabla ya kufika baharini kwenye Daraja la Selander, na mafuriko yake hayajui mipaka ya kata. Mabasi ya mwendokasi nayo huvuka mipaka hiyo kila saa. Mambo haya sasa hukutanishwa katika ofisi ya mkuu wa mkoa na wizarani, mbele ya watu ambao mpiga kura wa jiji hana namna ya kuwaondoa. Napendekeza semina hii ijadili baraza la pamoja la halmashauri zote tano, dogo, lenye kazi tatu tu za mto, taka na usafiri, lenye sehemu ya kodi ya majengo iliyotajwa katika sheria, na lenye mkurugenzi anayeajiriwa na kuwajibishwa na baraza hilo lenyewe.