Tuweke Akiba Tupate Kutoa
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya uwekevu na ukarimu. Wengi hudhani mambo haya mawili hayapatani. Mtu aangaliaye kila senti huitwa bahili, na mtu agawaye ovyo husifiwa, hata kama fedha yenyewe ni ya mkopo. Kwa Mkristo hayo ni jambo moja. Tunaweka ili tutoe, na asiyeweka hana cha kutoa.

Tazameni Injili ya Yohana, sura ya 6. Watu wapata elfu tano walilishwa kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Habari hiyo twaijua sote tangu utoto, lakini husahau yaliyofuata. Watu waliposhiba, Bwana Yesu aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyobaki, visipotee, navyo vikajaza vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kulisha umati mzima hakukubali makombo yatupwe.

Sasa nitawapa mfano wa mtu. John Wesley, mhubiri wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1703 na kufariki mwaka 1791, ndiye aliyeanzisha jamii za Wamethodisti. Alisimulia habari za kijana mmoja wa Oxford, na wengi huamini kuwa kijana huyo alikuwa yeye mwenyewe. Mwaka wa kwanza kijana alipata paundi 30, akatumia 28, akatoa 2. Mwaka wa pili alipata 60. Akatumia 28 zile zile, akatoa 32. Mwaka wa tatu alipata 90, akatoa 62. Mwaka wa nne alipata 120, akatoa 92. Pato lilipanda mara nne, matumizi hayakupanda hata kidogo.

Mtasema, siku zile Wesley hakuwa na mke wala watoto, wala shangazi wa kumlipia hospitali. Ni kweli, alioa mwaka 1751. Wala mimi simwambii mtu awanyime walio nyumbani mwake. Mwenye wategemezi kumi na aandike hesabu ya watu kumi. Lakini na aiandike kabla nyongeza ya mshahara haijafika, kwa maana ikishafika bila mpango, huliwa na viatu, redio na maneno ya majirani.

Wala Wesley hakutupa fedha tu kwa wahitaji. Mwaka 1746 alianzisha mfuko wa mikopo kwa maskini huko London. Zilichangwa paundi 30 na shilingi 16. Mtu alikopeshwa shilingi 20 kwa mara moja, akazirudisha kidogo kidogo kila wiki kwa muda wa miezi mitatu, ili mwingine naye akope. Katika miezi 18, kwa fedha hizo chache, watu 255 walisaidiwa. Wazee wetu walilijua jambo hilo waliposema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Ndugu zangu, tujitazame. Harusi ya mmoja wetu ikitangazwa, twachanga kwa shangwe, na wengine hukopa ili majina yao yasomwe. Lakini mtoto wa mwenzetu aliyefariki akirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, kila mmoja husema mwezi huu umekuwa mgumu. Ugumu huo mara nyingi tumeutengeneza wenyewe. Fedha ya yule mtoto tuliila katika karamu ambayo hakuna aikumbukaye.

Kwa hiyo nina ombi. Kila mwanachama na akate kiasi anachokiweza kila mwezi, hata kidogo, akiweke katika mfuko mmoja wenye hesabu inayosomwa mbele ya wote. Sehemu yake ilipe karo za yatima wa wenzetu. Sehemu nyingine ikopeshwe kwa vijana wanaomaliza shule, wanunue cherehani au vifaa vya useremala, nao warudishe ili wenzao wafuate. Haba na haba hujaza kibaba.

Nanyi wanafunzi, msingoje mishahara. Anayetupa nusu ya ugali wake na kupasua daftari lenye kurasa safi atafanya hivyo hivyo na mshahara. Anayelitunza daftari, kisha akampa jirani asiye nalo kurasa chache, amekwisha kuanza.

Mwaka 1776 wakusanya ushuru walimwandikia Wesley aorodheshe vyombo vyake vya madini ya fedha, wakidhani anavyo vingi. Alijibu kwamba ana vijiko viwili vya chai London na viwili Bristol, wala hatanunua vingine maadamu watu wengi wanaomzunguka wanakosa mkate. Alikuwa mtu maarufu wa miaka zaidi ya sabini.

Bwana Mwenyekiti, naomba ombi langu liwekwe mbele ya mkutano kabla hatujapanga karamu ya mwakani.

Mungu aibariki shule yetu.