Saa na Adhabu katika Mpira wa Kimarekani

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Katibu alipotutaka tuseme machache juu ya michezo, bila shaka wengi wenu mlitazamia habari za mpira wa miguu, ambao kila mtu hapa ni mwamuzi wake. Sisi tumechagua mpira wa Kimarekani, na sababu ya kuuchagua ni aibu iliyotupata. Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 13 Februari 2023, baadhi yetu tulikesha kutazama fainali yao kubwa, iitwayo Super Bowl, iliyochezwa Arizona kati ya timu ya Kansas City na timu ya Philadelphia. Mchezo ulipokaribia kwisha mwamuzi alitupa kitambaa cha manjano, ambacho ndicho alama ya kosa, na palepale tukapiga kelele kwamba Philadelphia wamedhulumiwa. Tulifika kazini asubuhi na macho mekundu, tukaendelea kuwatukana waamuzi mpaka saa ya chai. Mwenzetu mmoja akatuuliza swali moja tu: “Kanuni yasemaje?” Hakuna aliyeweza kujibu. Basi tulikwenda kuisoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza yafaa tueleze mchezo wenyewe. Kila upande una watu 11. Upande wenye mpira hupewa majaribio 4 ya kwenda mbele yadi 10. Wakizipata, hesabu huanza upya. Wasipozipata, mpira huenda kwa wapinzani. Kwa hiyo wakishindwa katika jaribio la 3, kwa kawaida hutumia la 4 kuupiga mpira kwa mguu, ama mbali ili kuwasukuma wapinzani nyuma, ama kati ya milingoti ili wapate pointi 3. Anayeufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani hupata pointi 6.

Sasa tuje kwenye saa. Mchezo wa ligi kubwa ni wa dakika 60, umegawanywa katika robo 4 za dakika 15. Lakini mtazamaji hukaa kitini kadiri ya saa 3. Sababu ni kwamba saa ile husimama na kwenda kwa masharti. Pasi ikianguka chini bila kudakwa, saa husimama. Mchezaji akikamatwa ndani ya uwanja, saa huendelea. Akitoka nje ya mstari, husimama, kisha huanza tena kwa ishara ya mwamuzi. Illa katika dakika 2 za mwisho za nusu ya kwanza na dakika 5 za mwisho za nusu ya pili, hapo haianzi mpaka mpira uchezwe tena. Kila timu ina ruhusa 3 za kuisimamisha saa katika kila nusu. Zaidi ya hayo iko saa ya pili, inayowapa wenye mpira sekunde 40 za kuanza jaribio jingine, na wakichelewa huadhibiwa.

Adhabu nazo hupimwa kwa yadi. Aliyetikisika kabla ya wakati hurudishwa yadi 5. Mshambuliaji aliyemshika mpinzani isivyo halali hurudishwa yadi 10. Bali mlinzi akifanya kosa hilohilo adhabu ni yadi 5, na wapinzani wake huanza majaribio upya. Ukatili usio wa lazima ni yadi 15. Tena kuna jambo lililotushangaza mno: upande uliokosewa waweza kuikataa adhabu, ikiwa matokeo ya mchezo ulivyokwenda yawafaa zaidi. Sheria haimlazimishi mtu kupokea fidia ya kumtia hasara.

Kwa elimu hiyo ndogo, turudi kwenye usiku wetu. Timu zilikuwa sawa, 35 kwa 35. Kansas City walikuwa katika jaribio la 3, wanahitaji yadi 8, na pasi yao ilianguka chini. Zilibaki dakika 1 na sekunde 54. Kama hapangekuwa na kosa, wangepiga mpira kati ya milingoti, wakapata pointi 3, na Philadelphia wangebakiwa na zaidi ya dakika nzima na nusu ya kujibu. Lakini mlinzi wa Philadelphia, James Bradberry, alikuwa amemshika mpinzani wake. Adhabu ilikuwa yadi 5 tu, ila pamoja nazo Kansas City walipewa majaribio mapya, na mwenye majaribio mapya ndiye mwenye saa. Mchezaji wao mmoja, ambaye angaliweza kufunga, alijiangusha makusudi karibu na mstari ili saa iendelee kwenda. Walipopiga mpira wao wa ushindi zilibaki sekunde 8. Wakashinda 38 kwa 35. Na Bradberry mwenyewe, baada ya mchezo, alikiri mbele ya waandishi wa habari kuwa ni kweli alimshika jezi. Mshitakiwa alikuwa amekwisha kukiri, nasi mawakili wake tusioitwa tulikuwa tungali tukipiga kelele!

Msidhani, lakini, kwamba twasema kila kanuni ni njema kwa kuwa imeandikwa. Tarehe 24 Septemba 2017, mjini Detroit, timu ya Detroit ilihesabiwa kuwa imefunga dhidi ya Atlanta zikiwa zimebaki sekunde 8. Waamuzi wakatazama picha, wakaona mchezaji aliguswa goti lake likiwa chini kabla mpira haujavuka mstari. Bao likafutwa. Je, hawakustahili jaribio jingine? La. Kanuni yasema kwamba laiti uamuzi ungalikuwa sahihi tangu mwanzo, saa ingaliendelea kwenda, na Detroit hawakuwa na ruhusa yoyote iliyobaki. Kwa hiyo hukatwa sekunde 10. Ukitoa 10 katika 8 hakubaki kitu. Atlanta wakashinda 30 kwa 26. Kosa lilikuwa la mwamuzi, gharama ikawa ya mchezaji. Hata hivyo kanuni ilifuatwa neno kwa neno, na kila anayeketi nyuma ya dirisha la ofisi ajua uzito wa kumwambia mtu habari ya namna hiyo.

Kuna tena wajanja wanaoijua kanuni kuliko waliyoitunga. Katika Oktoba 2019, kocha wa New England, Bill Belichick, akiwa anaongoza dhidi ya timu ya Jets ya New York, aliwaacha watu wake wafanye makosa makusudi, kwa maana baada ya adhabu saa ilianza tena kwenda bila kungoja mpira. Yadi 5 hazikumwuma; dakika zilimfaa. Tarehe 4 Januari 2020 kocha wa Tennessee, Mike Vrabel, ambaye zamani alicheza chini ya Belichick, alimfanyia mwalimu wake hila hiyohiyo, akashinda 20 kwa 13. Mwosha huoshwa. Katika mwaka huohuo wa 2020 ligi iliufunga mwanya ule.

Hata vyuo vikuu vilipatwa na jambo kama hilo. Tarehe 12 Oktoba 2024, Oregon wakiongoza Ohio State 32 kwa 31, zikibaki sekunde 10, Oregon waliingiza walinzi 12 badala ya 11. Pasi ya Ohio State haikudakwa. Oregon wakaadhibiwa yadi 5, lakini sekunde 4 zilizopotea hazikurudishwa. Zikabaki 6, na jaribio lililofuata likamaliza mchezo. Mkosaji akala faida ya kosa lake, na baadaye kocha wake aliashiria kwamba jambo lile walikuwa wamelifanyia mazoezi. Siku chache tu baadaye wenye mamlaka walitoa maelezo mapya: kosa la namna hiyo likitendeka katika dakika 2 za mwisho, waliokosewa wana hiari ya kurudishiwa muda wao.

Wanachama wenzetu, kazi yetu ni kanuni. Kila siku hutujia mtu aliyechelewa kwa siku moja, au aliyekosa sahihi moja, naye huamini kwamba sisi ndio tuliomfungia mlango, kama tulivyoamini sisi juu ya mwamuzi wa Arizona. Yatupasa basi kumwonyesha ibara yenyewe na kumweleza sababu yake kwa upole, wala si kumjibu “ndivyo ilivyo” na kufunga dirisha. Kadhalika tuonapo kanuni inamlipa mkosaji na kumwadhibu mwenye haki, haitoshi kunung'unika wakati wa chai. Hatuna budi kuandika na kupeleka habari juu, tukitaja tarehe na kisa, kama ilivyofanywa katika ule mwanya wa Oregon. Wale wa Ohio State hawakurudishiwa mchezo wao, lakini atakayekosewa kesho atarudishiwa sekunde zake.

Na kwa yule mwenzetu aliyetuuliza swali asubuhi ile, ambaye leo ameketi safu ya nyuma akicheka, twamwomba radhi hadharani. Tukikesha tena kutazama mchezo huo, tutakuwa tumeisoma kanuni kwanza.