SUMU HAINGOJI KIDONDA
(Maneno yaliyosemwa na mfanya kazi wa reli mbele ya wanachama, Industrial Area, Nairobi)

Ndugu wanachama,

Mimi ni mtu wa reli, si daktari. Shule yangu ni ya misheni, nikaishia darasa la nane. Lakini jambo hili nimelisoma na kuwauliza wanaojua, na nataka mlipeleke nyumbani, Makongeni, Kaloleni na Mbotela.

Katika karakana niliyoanzia kazi, jioni tulitoa grisi mikononi kwa petroli au thina. Tulisema, "Sina kidonda, itaingilia wapi?" Hapo ndipo tulipokosea.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli. Kila seli imezungukwa na utando, kama ua wa kiwanda. Utando huo ni tabaka mbili za mafuta, na ndani yake mna milango ya protini. Chumvi na sukari hazipiti ovyo. Hupita mlangoni, kama sisi na vitambulisho vyetu. Lakini kitu kinachoyeyuka katika mafuta hakihitaji mlango, hupenya ua wenyewe. Mtaalamu Ernest Overton aliyaeleza hayo mwaka 1899. Petroli na thina huyeyusha grisi. Zitashindwaje na mafuta ya ngozi? Tena petroli ina benzini, ambayo huharibu uboho, mahali damu inapotengenezwa. Mvuke wake nao huingia kwa pumzi.

Madini ya risasi yaliyo katika betri yana hila nyingine. Hujifanya kalsiamu, ile ya mifupa, na mlango ukadanganyika ukayafungulia. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa mwaka 2014, lakini risasi ilikuwa imekwisha ingia katika damu ya watoto wa jirani.

Basi tufanye nini? Kwanza, tunawe kwa sabuni na maji, na ovaroli ya kazi tusiwapelekee watoto. Pili, tudai glavu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga kwa anayeshika vitu vya kudhuru. Wala si glavu yoyote tu: thina hupenya mpira mwembamba vile vile.

Akidai mmoja, ataitwa mkorofi. Tukidai sote kwa chama, watatusikiliza. Kesho asubuhi kila mtu aitazame ndoo ya kunawia kazini kwake: ina sabuni, au ina petroli? Jibu amletee katibu.