Elimu Mbili kwa Zamu

Ndugu zetu vijana wa Songea,

Tunawaona mchana kutwa mko darasani, usiku mko kwenye mafunzo ya kuunda programu za kompyuta, na Alfajiri inawapita mmelala. Umar bin al-Khattab (r.a.) alikaa Awali, viungani mwa Madina. Yeye na jirani yake Mwansari walikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kwa zamu: leo huyu, kesho yule, kisha wakipashana waliyoyasikia. Nanyi saidianeni hivyo katika masomo. Lakini uundaji wa programu haufunzwi kwa masimulizi. Kila mmoja aandike kwa mkono wake. Wala Swala haiswaliwi kwa zamu. Mafunzo yakiila Alfajiri, yapunguzwe mafunzo.