Jiwe linalokata kioo: maneno ya komite kwenye mkutano wa Moba-Port

Leo hatuzungumzi juu ya nyavu. Ni juu ya jiwe, na juu ya kesi yetu ya msaada.

Mnajua kama tulikopesha vijana wawili feza ya kununua nyavu. Mpita njia mmoja akawauzia "diama", yaani almasi, nene kama kidole gumba, inaangaza kama chupa. Alikwaruza kioo cha dirisha mbele yetu: "Muone, almasi peke njo inakata kioo!" Tukapiga makofi. Sisi wa komite pia.

Kumbe ni kwatsi. Ni jiwe la kawaida kabisa. Mchanga mweupe wa ziwa sehemu kubwa ni hiyo hiyo kwatsi, imesagika. Wataalamu wanapima ugumu wa mawe toka 1 mpaka 10. Kioo kiko karibu 5 na nusu, kwatsi 7, almasi 10. Sasa kwatsi itashindwaje kukata kioo? Yule mtu hakudanganya kuhusu kioo. Alidanganya kwa neno "peke".

Mufanye hivi. Mutafute kwatsi ya kweli, jiwe jeupe la shambani ambalo kisu hakilikwaruzi, lenye upande laini. Mulikwaruze kwa lile mnalouziwa. Mupanguse vumbi, mupitishe ukucha. Kama hakuna mfereji, si almasi, murudi nyumbani. Kama mfereji upo, bado musilipe: topazi nayo inaweza.

Muangalie na sura. Kwatsi ikiota vizuri iko na pande 6 na kichwa chenye ncha, sawa kalamu iliyochongwa. Almasi mara nyingi iko na nyuso 8, kama piramidi mbili zimegusana matako. Lakini jiwe lililozungushwa na mto halina sura tena, basi musitegemee hii sana.

Ni kweli wachimba dhahabu wanafuata mishipa ya kwatsi, maana dhahabu inapenda kukaa humo. Lakini mishipa mingi haina kitu.

Jiwe lenyewe liko pale mezani, na chupa, na kwatsi ya shamba. Kila mtu ajaribu kwa mkono wake, watoto pia.

Deni la wale vijana litalipwa polepole. Sehemu moja tutatoa sisi wa komite, juu tulipiga makofi.