Cheo Kitolewe kwa Kazi, Si kwa Jinsia wala Siasa



Tuanze na jambo tunalolijua sote. Nafasi ya mwalimu mkuu imekuwa wazi. Yupo mwalimu aliyefundisha miaka 12, na kazi yake haina doa. Jina lake linapotajwa kikaoni, mjumbe mmoja anasema, "Huyu ni mjamzito." Jina la pili nalo linakatwa, kwa kuwa mwenye jina hilo anadhaniwa kupendelea chama kingine. Hakuna aliyeuliza ni nani anayeweza kuongoza shule. Kikao kinafungwa, na shule imekosa viongozi wawili.

Huo ndio ubaguzi kazini. Mara nyingi hufanyika kimyakimya, ukapewa jina la "maslahi ya kazi".

Ndugu zangu, suala hili halikuzuka jana. Mwaka 1958 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 111, unaokataza mtu kunyimwa ajira au cheo kwa sababu ya rangi, jinsia, dini au maoni yake ya kisiasa. Tanzania iliuridhia mwaka 2002. Kisha Bunge likatunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinakataza ubaguzi, ulio wazi na uliojificha, na kinataja bayana jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na maoni ya kisiasa.

Tena sheria hiyo inaweka jambo zito: mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha kwamba amebaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakumbagua. Kwa hiyo mkuu wa kazi asiyeweza kueleza sababu za uamuzi wake hana pa kujificha.

Wapo watakaouliza: Je, mtumishi sasa ageuze ofisi kuwa jukwaa la kampeni? La hasha! Utumishi wa umma unadai kila mwananchi ahudumiwe bila upendeleo. Mwalimu anayeacha darasa akaenda mkutanoni aadhibiwe kwa kuacha darasa, awe wa chama chochote. Lakini aliyetimiza wajibu wake asiadhibiwe kwa yaliyomo moyoni mwake. Kadhalika, sheria inaruhusu kuchagua watu kwa sifa ambazo kazi yenyewe inazidai. Na kuwa mwanamume si sifa ya kuongoza shule.

Basi tufanye nini? Kila uamuzi wa kupandisha mtu cheo uandikwe pamoja na sababu zake. Aliyeonewa asiishie kunung'unika. Aandike malalamiko, atunze nakala, na afuate ngazi za rufaa zilizowekwa katika utumishi wa umma. Nasi tunaoketi vikaoni, jina la mwenzetu linapotaka kukatwa, tuwe na ujasiri wa kuuliza: "Kazi yake ikoje?" Tukinyamaza leo kwa kuwa jina lililokatwa si letu, kesho tusishangae likikatwa la kwetu.