Kanisa la Kando ya Barabara ya Maseno
(Hotuba ya wanakwaya siku ya yubilei)



Kasisi wetu, wazee wa kanisa, akina mama wa Mothers' Union, vijana wa KAYO, kwaya zilizotutembelea na washarika wote: sisi wanakwaya tumepewa dakika chache tueleze kanisa letu lilikotoka. Hatutachelewesha nyimbo.

Hapa Otonglo tunakaa kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Maseno, na historia yetu imepita barabara hiyo hiyo. Upande mmoja kuna ziwa na stesheni, ambako reli ya kutoka Mombasa ilifika Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. Upande wa pili kuna Maseno, ambako wamisionari wa CMS walianzisha shule mwaka 1906. Lakini Injili ya Kianglikana haikutumwa kwetu kutoka Mombasa. Ilitumwa kutoka Uganda. Padri J. J. Willis, aliyeanza kazi hiyo ya Maseno, akawa Askofu wa Uganda mwaka 1912. Serikali ilikuwa imeiondoa Nyanza upande wa Uganda tangu 1902, ila kanisa lilibaki huko hadi 1921, lilipowekwa chini ya Dayosisi ya Mombasa. Kwa miaka 19 tulitawaliwa na huku, tukabarikiwa kutoka kule.

Neno nalo likajifunza lugha ya nyumbani. Agano Jipya kwa Dholuo lilitoka 1926, Biblia nzima 1953. Bibi zetu wakaweza kusoma wenyewe kile walichokuwa wakisomewa.

Mei 1955, pale Namirembe, Festo Olang' na Obadiah Kariuki waliwekwa wakfu kuwa maaskofu Waafrika wa kwanza wa kanisa letu nchini Kenya. Mwaka 1961 Olang' akawa askofu wa kwanza wa Maseno, na 1970 akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa jimbo jipya la Kenya. Mwaka huo huo Maseno iligawanywa, Kaskazini na Kusini. Kuanzia 1974 hadi 1994 kiti cha Maseno Kusini, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano mjini Kisumu, kilikuwa cha Henry Okullu. Watu wazima hapa wanamkumbuka: alipinga utawala wa chama kimoja na kura ya mlolongo wakati ambapo wengi walinong'ona tu.

Hayo ndiyo tunayopenda kuyasimulia. Leo tuseme pia habari ya waliotoka.

Januari 1934 Alfayo Odongo Mango, shemasi wa Kianglikana, aliuawa kule Musanda katika ugomvi uliochanganya ardhi na imani. Wafuasi wake wakaendelea na kanisa la Roho, wakiimba na kupiga ngoma barabarani. Mwaka 1957 kasisi Matthew Ajuoga na wenzake wakatoka kwa sababu ya mabishano juu ya uamsho na uongozi. Waliitwa Johera, yaani watu wa upendo. Hawa wote walikuwa jamaa zetu. Hadi leo kuna boma ambalo Jumapili asubuhi watu wake hutoka pamoja getini, kisha hawa wakaenda Anglikana na hawa Johera. Hawakutoka kwa kukosa imani. Walitoka walipoona hakuna anayewasikiliza.

Kwa nini tuyaseme siku ya furaha? Kwa sababu ngoma waliyotoka nayo watu wa Roho leo imo ndani ya kanisa letu, karibu na kinanda, na hakuna anayeshangaa. Na sasa vijana wanaleta nyimbo zao na mapigo yao. Wazee wanauliza, hii ni ibada au ni disko? Vijana wanajibu kwa miguu: Jumapili ifuatayo wako kanisa jingine, hapo hapo sokoni.

Washarika, hatuombi nyimbo za zamani ziachwe. Tunaomba kubadilishana. Kila mwimbaji mzee amfundishe kijana wimbo mmoja wa Dholuo, sauti zote nne, pamoja na maana yake. Kila kijana amfundishe mzee wimbo mmoja wake, naye mzee asikalie kiti huku amekunja mikono. Tena tuandike katika daftari la kwaya majina ya wenzetu waliolala, na nyimbo walizotufundisha, kabla anayezikumbuka hajaondoka.

Barabara hii imepitisha wengi. Anayepita Otonglo na kusikia kwaya ikiimba, asikie wazee na watoto katika wimbo mmoja. Hapo yubilei yetu itakuwa na maana.